Mkulima wa Zabibu, Ijue Ladha ya Mvinyo: Namna ya Kuchagua kwa Ulimi, kwa Shughuli na kwa Mfuko

Mmezoea niwaandikie habari za kupogolea, ubwiri unga na mbolea. Leo tunaingia kwenye chupa. Najua kuna atakayeuliza, "Bwana shamba, umeacha jembe umehamia baa?" Hapana. Nisomeni mpaka mwisho, mtaona jembe liko pale pale.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka ya mwanzo ya kazi nilikuwa nasimamia kikundi cha vijana wanaolima zabibu hapa Dodoma. Walikuwa na umwagiliaji wa matone, na shamba lilikuwa linavutia macho. Zikiwa zimebaki wiki tatu kuvuna, wakaniuliza wapunguze maji au waendelee. Mimi na diploma yangu nikawaambia, mwagilieni mpaka siku ya mwisho, zabibu inauzwa kwa kilo, na maji ni kilo. Wakanisikiliza. Vichala vikajaa vikawa kama vya kwenye picha.

Tukapakia gari, tukafika kiwandani. Pale getini wakachukua sampuli, wakakamua, wakapima sukari. Ikasoma 16. Wao walikuwa wanataka kuanzia 20. Mzigo ukarudishwa. Zile zabibu tuliishia kuziuza barabarani kwa ndoo, na nyingine zikaharibikia kwenye turubai. Kuna kijana mmoja alikuwa amekopa hela ya viuatilifu akitegemea mavuno hayo. Hakunigombeza, alikaa kimya tu, na kile kimya kilinikaa kuliko matusi.

Siku chache baadaye nilirudi kiwandani peke yangu kuuliza tatizo ni nini. Mama mmoja mtengeneza mvinyo alinikaribisha. Nikamwamkia, akanivutia kiti, akamimina glasi mbili za mvinyo mwekundu. "Bwana shamba, onja, uniambie ipi imetoka kwenye zabibu zilizoiva na ipi imetoka kwenye zabibu za maji." Nikaonja. Sikuona tofauti yoyote. Zote kwangu zilikuwa chungu tu.

Akacheka kidogo, kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Unawafundisha watoto wa watu kulima kitu ambacho wewe mwenyewe huijui ladha yake. Mteja wangu anaijua."

Ndo nilipoanza kujifunza. Na nilichojifunza ni hiki: anayejua mtu wa mjini anachagua chupa gani, kwa chakula gani na kwa sherehe gani, huyo anajua kiwanda kitataka zabibu ya namna gani. Asiyejua anauza kwa kubahatisha.

Kwa wasiokunywa

Wengine wenu hamnywi, kwa sababu ya dini, afya au uamuzi wenu. Hilo naliheshimu, na somo hili ni lenu pia. Zoezi la kwanza hapa chini halina tone la kilevi. Na kwa wanaokunywa: umri ni miaka 18 na kuendelea, na ukishaonja usishike pikipiki.

Maneno manne ya ulimi

Watu wa mvinyo wana maneno mengi ya kuringia. Sisi tutachukua manne tu, na yote unayo tayari jikoni kwenu.

1. *Utamu.* Hii ni sukari iliyobaki. Hamira inapofanya kazi inakula sukari ya zabibu na kuigeuza kuwa kilevi. Ikila karibu yote, mvinyo unaitwa mkavu, na kwenye lebo utaona neno "dry". Ikiachwa sukari, au ikiongezwa juisi tamu baadaye, unapata mvinyo mtamu. Kwa hiyo "mkavu" maana yake ni kwamba hauna sukari, basi.

2. *Uchachu.* Ule mkali unaokutoa mate pembeni mwa ulimi, kama limau au ukwaju. Mvinyo usio na uchachu unakuwa umepooza, kama soda iliyotoka gesi. Ukizidi, unakunja uso.

3. *Ukakasi.* Kama umewahi kung'ata ndizi mbichi au kunywa chai ya rangi iliyochemka sana bila sukari, unaujua. Mdomo unakauka, fizi zinakaza. Kwenye mvinyo unatoka kwenye maganda na mbegu, na ndiyo maana mvinyo mwekundu unao zaidi kuliko mweupe.

4. *Uzito.* Weka mdomoni maji, kisha maziwa yaliyotolewa mafuta, kisha maziwa halisi. Tofauti hiyo ya kujaa mdomoni ndiyo uzito. Kilevi na sukari vinaongeza uzito.

*Zoezi la kwanza.* Kaa na kikundi chako. Andaa glasi tatu: maji ya ukwaju yasiyo na sukari, chai ya rangi nzito iliyopoa, na maji yenye vijiko viwili vya sukari. Onja moja moja, useme ni kipi kati ya yale manne. Halafu changanya ukwaju na sukari kidogo kidogo, uone jinsi utamu unavyoficha uchachu. Uchachu haujapungua, umefichwa tu. Ukilielewa hilo umeelewa nusu ya kazi ya kiwanda.

Aina utakazokuta rafuni

*Mweupe mkavu.* Zabibu zinakamuliwa kwanza, juisi inachachushwa bila maganda. Kwa Dodoma, aina inayotumika sana ni Chenin blanc. Ukiwa mzuri una harufu ya matunda na uchachu unaoburudisha.

*Mwekundu mkavu.* Juisi inachachushwa pamoja na maganda, ndo inapata rangi na ukakasi. Kata zabibu nyekundu katikati, utaona kwa aina nyingi nyama ya ndani haina rangi. Rangi iko kwenye ganda. Hapa kwetu utakuta iliyotengenezwa kwa Syrah, na kwa ile nyekundu yetu ya Makutupora.

*Wa rangi ya waridi.* Maganda yanakaa na juisi saa chache tu, kisha yanatolewa. Unakaa katikati ya mweupe na mwekundu, na ni rafiki wa watu wengi.

*Mtamu.* Unaweza kuwa mwekundu au mweupe. Watu wengi wanaoanza kunywa mvinyo wanaanzia hapa, na wengine wanabaki hapa hapa maisha yao yote. Hakuna ubaya. Mtu asikwambie kwamba anayependa mvinyo mtamu ni mshamba. Mvinyo ulioongezewa pombe kali nao mara nyingi ni mtamu, lakini huo una nguvu zaidi.

*Wenye mapovu.* Huu ni wa sherehe, wa kufungua kwa kishindo. Unaotengenezwa vizuri una uchachu wa kutosha, na mapovu yake ni madogo yasiyoisha haraka.

Soma lebo kabla ya kutoa hela

Usichague kwa uzuri wa picha. Angalia vitu vitano:

- *Mkavu au mtamu.* Tafuta maneno "dry", "semi-sweet" au "sweet". Malalamiko mengi ya "mvinyo huu mbaya" ni ya mtu aliyetaka mtamu akanunua mkavu. Mvinyo haukuwa na kosa lolote.
- *Asilimia ya kilevi.* Mvinyo wa kawaida uko kati ya 11 na 14. Ukiona 16 hadi 20, mara nyingi umeongezewa pombe kali. Huo unanyweka kwa glasi ndogo. Watu wengi wanaozidiwa kwenye sherehe wamemimina huo kama juisi.
- *Aina ya zabibu na ilikotoka.* Mtengenezaji anayejiamini mara nyingi anaandika.
- *Alama ya TBS na stempu ya kielektroniki ya TRA.* Chupa isiyo na stempu iache dukani. Hujui imejazwa nini, na wapi.
- *Imetunzwaje.* Chupa iliyokaa dirishani ikipigwa na jua la Dodoma imeshapikwa. Chukua ya rafu ya ndani.

Na moja la ziada: bei kubwa si lazima iwe ladha kubwa. Ndani ya bei ya chupa kuna chupa yenyewe, kizibo, lebo, kodi, usafiri na faida ya muuzaji. Chupa iliyosafiri kutoka Ufaransa unailipia na nauli. Mvinyo wa hapa nyumbani nauli yake ni fupi, kwa hiyo kwa bei ile ile sehemu kubwa zaidi ya hela yako inaweza kuwa imeingia kwenye zabibu. Sisemi kila chupa ya Dodoma ni nzuri. Kuna nzuri na kuna ambazo mtengenezaji mwenyewe angeona aibu. Onja kwanza, linganisha na ile ya Afrika Kusini ya bei hiyo hiyo, ndipo uamue.

Kwa chakula gani?

Kanuni ni nyepesi. Chakula kizito, mvinyo mzito. Chakula chepesi, mvinyo mwepesi.

*Nyama choma ya mbuzi au ng'ombe:* mwekundu mkavu. Ule ukakasi unapatana na mafuta na chumvi ya nyama. Mvinyo ulioukunjia uso ukiwa mtupu, jaribu tena ukiwa na kipande cha ubavu mdomoni. Utashangaa.

*Samaki:* perege wa Mtera, sato, au samaki wa kukaanga mwenye limau, chukua mweupe mkavu uliopoa vizuri. Uchachu wake unafanya kazi ya limau. Mwekundu wenye ukakasi mkali ukikutana na samaki unaweza kuacha ladha ya chuma mdomoni.

*Kuku wa nazi, wali wa nazi:* mweupe wenye uzito kidogo, au wa rangi ya waridi.

*Pilau na biriani:* mwekundu mwepesi uliopozwa kidogo, au wa waridi. Viungo vinataka matunda, havitaki ukakasi.

*Mishkaki au chochote chenye pilipili kali:* epuka kilevi kingi na ukakasi, maana vinaongeza moto. Mweupe wenye utamu kidogo unatuliza.

*Keki:* hapa ndo wengi wanakosea. Mvinyo unatakiwa uwe mtamu kuliko keki. Ukinywa mkavu na keki, mvinyo unageuka siki mdomoni. Kwa hiyo kwenye kipaimara au birthday ambako keki inakatwa kisha watu wanagonga glasi, weka mtamu.

Kwa shughuli gani, na chupa ngapi?

Chupa ya mililita 750 inatoa glasi 5 za mililita 150. Shika namba hiyo.

Tuseme kuna send-off ya watu 200. Si wote wanakunywa, na kati ya wanaokunywa wengi watachukua bia. Kamati ikikadiria watu 80 watakunywa mvinyo, glasi mbili kila mmoja, hizo ni glasi 160. Gawa kwa 5, chupa 32. Ongeza chache za akiba, na ukubaliane na muuzaji kwamba chupa ambazo hazijafunguliwa utazirudisha. Muulize kabla ya kulipa, ukishalipa hana haraka tena.

Kwa umati wa namna hiyo gawanya hivi: nusu mtamu, robo mwekundu mkavu, robo mweupe mkavu. Kwenye sherehe za kwetu wageni wengi huwa wanataka utamu, na huwezi kumbadilisha mtu ulimi siku ya send-off ya mwanao.

Linganisha bei kwa glasi, usilinganishe kwa chupa. Tuseme chupa ni shilingi 15,000. Gawa kwa 5, glasi ni 3,000. Boksi la lita 5 tuseme ni 75,000. Linatoa glasi 33, kila moja kama 2,270. Kwenye shughuli kubwa boksi linakuokoa, na mvinyo wake mara nyingi hauna kasoro. Tena boksi likishafunguliwa linakaa hata wiki nne, kwa sababu mfuko wa ndani unajikunja na hewa haiingii. Chupa iliyofunguliwa, izibe, weka kwenye friji, maliza ndani ya siku tatu hadi tano.

Kwa chakula cha nyumbani na wakwe, chupa mbili zinatosha: mtamu mmoja kwa wazee wanaopenda utamu, mkavu mmoja kwa nyama. Kumpelekea bosi au mteja zawadi, chukua mwekundu wa Dodoma wenye jina la zabibu kwenye lebo. Utakuwa na cha kumsimulia, na wewe ni mkulima.

Joto la kunywea

Utasikia mwekundu unanyweka kwa joto la chumba. Chumba kilichosemwa ni cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Chumba chako mwezi wa Novemba kina nyuzi 28 au zaidi. Mwekundu wa moto unanuka kilevi na ladha yake inalegea. Uweke kwenye friji nusu saa hadi dakika 45 kabla. Mweupe na wa waridi saa mbili, wenye mapovu zaidi kidogo. Kama huna friji, ndoo yenye barafu *na maji* inapoza haraka kuliko barafu tupu. Sababu ni kwamba maji yanagusa chupa pande zote.

Sasa turudi shambani

Hapa ndo nilipokuwa nataka tufike. Kila ladha tuliyoitaja ina kazi yake shambani, na ikishakosewa shambani kiwanda hakiwezi kuiokoa.

*Kwanza sukari na kilevi.* Chukua kipimo cha sukari, rifraktomita, zidisha kwa 0.55, utapata makadirio ya kilevi. Zabibu ya 22 inatoa mvinyo wa kama asilimia 12. Ile yetu ya 16 ingetoa kama 9: mvinyo mwembamba, usio na uzito, usiokaa. Ndiyo maana ya lile geti. Nilikuwa nimewauzia watu maji.

*Ukilenga mweupe mkavu,* vuna uchachu ungalipo. Mara nyingi sukari inakuwa 19 hadi 21, lakini uliza kiwanda chako. Anza kuvuna alfajiri, umalize kabla jua halijakolea. Zabibu ya moto inaanza kuchachuka kwenye kreti na ile harufu ya matunda inapotea. Usiondoe majani yote yanayofunika vichala.

*Ukilenga mwekundu mkavu,* kuwa na subira mpaka 22 hadi 24. Na sukari peke yake haitoshi. Tafuna ganda, kisha toa mbegu uitazame. Mbegu ya kijani inamaanisha ukakasi mbichi, ule wa ndizi. Ikiwa ya kahawia na inavunjika kwa jino, imeiva. Punguza maji taratibu wiki mbili tatu za mwisho, bila kuuacha mzabibu unyauke. Punguza majani upande wa jua la asubuhi ili hewa ipite.

*Ukilenga mtamu,* wengine wanahitaji zabibu yenye sukari nyingi zaidi, iachwe mtini muda mrefu. Hapo ndege, nyuki na mvua ni hatari yako. Usiache zabibu mtini kwa matumaini. Pata makubaliano ya bei kwanza, tena kwa maandishi.

Tuna bahati moja hapa Dodoma. Wenzetu wa Ufaransa na Afrika Kusini wanavuna mara moja kwa mwaka. Sisi, kwa kupogolea mara mbili, tunavuna mara mbili, moja ikiangukia wakati wa mvua na nyingine kiangazi. Lakini misimu hiyo haifanani. Ya mvua ina ubwiri mwingi na sukari inapanda kwa shida. Ya kiangazi inatoa zabibu safi zaidi, maji unayadhibiti wewe. Ukitaka kuonyesha kiwanda uwezo wako kwa mwekundu mzuri, anza na msimu wa kiangazi. Na kwa misimu yote, heshimu siku za kusubiri baada ya kupiga dawa, zilizoandikwa kwenye lebo ya kiuatilifu. Zile siku ni sehemu ya ladha na ni afya ya mnywaji.

*Kupima sukari bila kujidanganya.* Usichume kichala kizuri kimoja cha pembeni mwa njia ukapima hicho. Chukua punje 100 kutoka mistari tofauti, pande zote mbili za mti, juu, katikati na chini ya kichala. Kamua zote pamoja kwenye mfuko safi, koroga, weka tone kwenye kipimo. Rudia kila siku tatu kuanzia wiki tatu kabla ya kuvuna, uandike. Kipimo kimoja kinatosha kikundi kizima, changeni.

Hesabu ya mwisho: kilo moja na robo hivi ya zabibu inatoa chupa moja. Siku ukiona chupa rafuni, jiulize ndani yake bei ya zabibu ni shilingi ngapi. Hiyo ndiyo hela yako. Ukiijua, utazungumza na mnunuzi kwa heshima, bila kuogopa na bila kudai kisichowezekana.

Kazi ya nyumbani

Kikundi cha watu sita mchangie chupa tatu za bei ya kawaida: mweupe mkavu, mwekundu mkavu, na mtamu wowote. Tumieni glasi za kioo, si vikombe vya bati wala vya plastiki. Mimina kidogo, robo glasi. Angalia rangi kwenye mwanga. Zungusha, nusa. Chukua funda dogo, lizungushe mdomoni, meza au tema. Andika kwenye daftari yale maneno manne, kila moja ulipe alama 1 hadi 5. Kisha rudia na kipande cha nyama choma, na rudia na kipande cha keki. Msiambizane kabla ya kuandika, maana mwenye sauti kubwa atawaharibia wote ulimi.

Mkimaliza, jadilini swali moja: zabibu zenu za msimu uliopita zingetoa chupa ipi kati ya hizi?

Nimalizie na yule kijana aliyekaa kimya. Aliendelea na zabibu. Msimu uliofuata tulipima pamoja kila siku tatu, tukapunguza maji, na kilo kweli zilipungua. Moyo ulikuwa unanidunda nikiona vichala vidogo kuliko vya mwanzo. Getini ikasoma 22. Mzigo wote ukaingia. Kilo zilikuwa chache, ila zililipwa.

Mwaka jana alioa. Kamati ilitaka kununua mvinyo wa nje wa bei mbaya ili harusi ionekane. Yeye akaomba chupa tatu ziletwe, akazifunika kwa gazeti, akawamiminia wanakamati, akawaambia wachague. Sitawaambia walichagua ipi, maana ulimi wa kamati si sheria. Ila nilimwona ananusa glasi yake, anatikisa kichwa, halafu ananigeukia: "Bwana shamba, hii waliivuna mapema."

Nikaonja. Alikuwa sahihi.

Kama una swali, niandikie, useme na aina ya zabibu uliyonayo na tarehe uliyopogolea. Somo lijalo tutaongelea kupogolea kwa ajili ya mavuno ya kiangazi. Kazi njema.